Mbagathi: mwamba umetokeza, na juu yake tu kuna kinamasi. Kwa nini, na nipimeje na wanafunzi?

Mwalimu_Rongai aliuliza:

Habari zenu wadau. Naandaa kazi ya uwandani ya jiografia kwa wanafunzi 40 wa Kidato cha Tatu. Kipande tulichochagua ni cha mto Mbagathi, urefu wa kilomita moja na nusu hivi. Mto unapindapinda, na mahali patatu mwamba umetokeza kitandani mwa mto kutoka ukingo hadi ukingo. Ni wa kijivu kinachokaribia weusi, na una nyufa zilizonyooka.

Kinachonitatiza ni kwamba kila mahali mwamba ulipotokeza, upande wa juu wake mto unatanuka na kuwa kinamasi cha maji ya magotini, na upande wa chini kuna shimo la maji mengi. Vitabu vyetu vinaeleza ukingo wa nje unaomomonyoka na ukingo wa ndani unaojaza mchanga, basi. Habari ya mwamba na kinamasi kukaa pamoja havigusi.

Naomba msaada: huu ni mwamba gani na unatambuliwaje bila maabara? Kinamasi kinaanzia wapi na kuishia wapi? Na tutapimaje mteremko ilhali shule haina vifaa vya upimaji ardhi? Muda ni siku moja na fedha ni kidogo.

---

NyundoNaDira alijibu:

Mwalimu, umeliona jambo lenyewe. Mwamba na kinamasi chako ni kitu kimoja, na somo likiwagawanya wanafunzi kuwa "kundi la mawe" na "kundi la mimea" wasiokutana, litakuwa limepotea.

Mwamba unaovuka mto ni kizingiti. Maji hayawezi kuuchimba mto chini ya usawa wa kizingiti mpaka mwamba wenyewe ulike kwanza, na fonolaiti, lava ngumu ya kijivu-nyeusi ambayo nadhani ndiyo mwamba wako, hulika polepole mno. Kwa hiyo sehemu yote iliyo juu yake mteremko hulala, mwendo hupungua, na mzigo wa mto hutua: changarawe kwanza, halafu mchanga, mwisho tope laini. Tope likipanda hadi karibu na usawa wa kizingiti, maji husambaa kwa kina kifupi na mimea huingia. Mimea nayo hupunguza mwendo zaidi na kunasa tope zaidi. Upande wa chini ni kinyume: maji huanguka yakiwa na nguvu, huchimba shimo, na tope halipati nafasi ya kutulia.

Kuhusu mwamba wenyewe. Nairobi imekaa juu ya tabaka za volkano zilizotiririka kuelekea mashariki kutoka upande wa Bonde la Ufa, zikalala juu ya nisi ya kale (mwamba uliogeuzwa na joto na mgandamizo) ambayo unaweza kuiona imetokeza Lukenya. Katika tambarare za Athi tabaka la chini ni fonolaiti ya Kapiti, yenye umri wa miaka milioni 13 hivi. Juu yake kuna tufu (majivu ya volkano yaliyogandamana kuwa jiwe) na matope yaliyotuama ziwani zamani, kisha fonolaiti ya Nairobi ya miaka milioni 5 hivi, na upande wa magharibi wa jiji trakaiti, aina nyingine ya lava. Mto unaokata tabaka hizi hupita mwamba mgumu, kisha laini, kisha mgumu tena, na ndiyo sababu vizingiti vyako vimeachana badala ya kuwa mfululizo.

Kutambua, tumieni mawe yaliyokwisha kuvunjika na uso mpya, kwa sababu uso wa zamani una ukoko wa kahawia unaodanganya kila mtu:

– Fonolaiti: nzito, nyeusi-kijivu, punje hazionekani kwa macho. Bamba lake likigongwa hulia kama kengele. Ya Kapiti ina fuwele kubwa nyeupe za madini ya felspa, nyingine za sentimita kadhaa, na uso wake uliochakaa una vishimo mahali ambapo fuwele za nefelini, madini mengine, zimeyeyuka.

– Trakaiti: kijivu chenye ukijani, inakwaruza kidogo ukiipapasa, mlio wake ni mfu.

– Tufu: nyepesi, ya kijivu au manjano, msumari unaichimba. Wanafunzi wanaijua tayari bila kujua kwamba wanaijua: mawe ya Ndarugo ya kujengea yaliyokatwa kwa mashine ni tufu. Pelekeni kipande kimoja kutoka mahali pa ujenzi kiwe cha kulinganisha.

Mkiona madoa meupe ndani ya fonolaiti, dondosheni siki. Yakitoa povu ni kalisaiti (madini ya chokaa) iliyojaza matundu ya gesi. Yasipotoa, huenda ni felspa. Siki ni dhaifu, kwa hiyo kwaruzeni doa kwanza lipate unga, la sivyo mtangoja bila kuona kitu.

Sasa nyufa. Lava inapopoa husinyaa na kupasuka, na mto hufuata njia iliyo rahisi. Pimeni mwelekeo wa nyufa 30 kwa dira, mchore mchoro wa duara wa mielekeo, kisha mlinganishe na mwelekeo wa vipande vilivyonyooka vya mto. Mara nyingi mtaona kwamba kona iliyo kwenye mwamba ina pembe kali kwa sababu mto umehama kutoka ufa mmoja kwenda mwingine. Hapo kanuni ya "nje humomonyoka, ndani hujaza" haifanyi kazi vizuri, na ni vyema wanafunzi waelezwe hivyo waziwazi badala ya kulazimisha mchoro wa kitabu.

Dira ya simu ina hila mbili. Lava ina madini ya sumaku, basi msiilaze juu ya jiwe. Shikeni usawa wa kifua na mlenge kwa macho. Na kifuniko cha simu chenye sumaku kivuliwe.

Kwa kulinganisha, chukueni kipande kingine ambacho mto unapita kwenye udongo mtupu. Hapo mpindo ni huru, na umbali kutoka kona moja hadi nyingine ya upande uleule huwa kama mara 10 hadi 14 ya upana wa mto. Mto wa mita 5 mtarajie mita 50 hadi 70. Kwenye kizingiti kipimo hicho huvurugika, na kuvurugika huko ndiko ushahidi wenu.

---

LevoYaFundi alijibu:

Nitagusa mteremko tu. Vifaa vya bei kubwa havihitajiki. Tumieni mpira wa levo wa mafundi ujenzi: mpira unaopitisha mwanga, nusu inchi, urefu wa mita 20, na fito mbili za mita moja na nusu zilizobandikwa utepe wa kupimia, sifuri ikiwa chini.

Jazeni maji kwa kunyonya kutoka ndoo iliyoinuliwa, msimimine kwa kikombe. Kumimina huingiza hewa, na kiputo kimoja kilichokwama katikati kinaweza kuharibu kipimo kwa sentimita nyingi bila ninyi kujua. Kabla ya kuanza, simamisheni ncha mbili pamoja: maji lazima yawe usawa mmoja. Yasipolingana kuna hewa, au mtu amekanyaga mpira.

Fito ya kwanza isimame juu, ya pili chini, ncha za mpira zikiwa wazi (kidole gumba kikibaki juu ya ncha, maji hayasogei). Ngojeni yatulie, someni zote mbili kwa wakati mmoja. Mfano: ya juu inasoma sm 42, ya chini sm 97. Ardhi imeshuka sm 55 kati ya fito hizo. Kisha fito ya juu inahama kwenda mbele, ile ya chini inabaki palepale na kuwa ya juu.

Umbali wa hatua usiwe mmoja kote, na hapa ndipo kazi nyingi za shule huharibika. Kwenye kinamasi kila mita 10 inatosha kwa kuwa mabadiliko ni madogo. Kwenye kizingiti pimeni kila mita 2, au hata moja, maana mkiruka mita 10 mtaupita mwamba wote kwa mstari mmoja ulionyooka na mchoro utaficha kile mlichokuja kukitafuta. Anzeni mita 60 hivi juu ya kizingiti, mmalizie mita 30 chini yake.

Tope humeza fito. Wekeni kifuniko cha ndoo au kigae chini ya fito kwa kila kipimo cha kinamasi, na mtumie hichohicho kote. Katika kila kituo pimeni pia kina cha maji, ili muwe na mistari miwili kwenye grafu: sakafu ya mto na uso wa maji. Uso wa maji juu ya kizingiti utakuwa karibu ubapa, halafu utaanguka ghafla. Huo ubapa ndio kinamasi chenu.

Mkimaliza rudini kwa vipimo hadi mahali pa kuanzia. Jumla ya kupanda na kushuka inapaswa kuwa sifuri. Ikizidi sm 5 kwa safari ya mita 100, tafuteni kosa kabla hamjaondoka, kwa sababu nyumbani hamtalipata. Kwenye grafu kuzeni kimo mara 10 dhidi ya urefu, na muandike hivyo chini ya mchoro, la sivyo msomaji atadhani mmepima maporomoko.

---

MateteNaMafunjo alijibu:

Mwalimu, mpaka wa kinamasi usiutafute kwa maji peke yake. Maji ya Februari na maji ya Aprili ni vitu viwili tofauti. Tafuta dalili zinazobaki mwaka mzima: mimea, udongo, na umbo la ardhi.

Nyoosha kamba kutoka ukingo wa maji kwenda nje, ikikata mto kwa pembe mraba, mita 30 au 40. Kila mita 2 weka fremu ya mita moja kwa moja (vijiti vinne na uzi vinatosha) na ukadirie asilimia ya ardhi iliyofunikwa na kila mmea. Usihesabu mashina, matete yana mashina mengi kupita kiasi na wanafunzi watachoka kwenye fremu ya kwanza.

Utakachotarajia: kwenye maji yaliyotulia mayungiyungi, na mahali penye uchafu mwingi wenye rutuba, gugumaji. Kisha mafunjo na matete wakiwa na mizizi kwenye tope. Kisha ndago za aina nyingi mahali panapolowa kwa msimu. Halafu nyasi za kawaida. Migunga ya magome ya manjano isikuchanganye: hupenda maji yaliyo karibu chini ya ardhi, lakini husimama hata pasipo kinamasi. Mpaka uweke pale ndago na mimea mingine ya maji inaposhuka chini ya nusu ya kile kinachofunika ardhi.

Kwa udongo, chukua bomba la plastiki la inchi 2, urefu wa mita moja, lichongwe ncha moja kwa msasa. Lisukume likizungushwa, ziba ncha ya juu kwa kiganja, vuta polepole. Usipoziba, tope lote litabaki shimoni. Lisukume nje kwa mti kwenye karatasi ya plastiki na upime kwa rula. Rangi ya kijivu au kijivu-buluu ni dalili kwamba maji hukaa muda mrefu na oksijeni imekwisha. Madoa ya kutu kuzunguka mizizi yanaonyesha maji hupanda na kushuka. Harufu ya yai bovu ni ya gesi inayotokana na salfa mahali pasipo hewa. Dalili hizi zikionekana ndani ya nusu mita ya juu, bado uko ndani ya kinamasi.

Lakini kuna tatizo la Nairobi ambalo miongozo ya kigeni hailitaji vya kutosha. Udongo mweusi wa pamba wa upande huu una weusi unaofunika madoa ya kutu. Unaweza kuchimba katikati ya kinamasi halisi na usione doa hata moja. Ukiwa kwenye udongo huo, ipe mimea na umbo la ardhi uzito zaidi, na uandike sababu. Pia udongo huo hupasuka kiangazi na kufura masika, kwa hiyo mipasuko mipana si ushahidi kwamba mahali hapo pamekauka daima. Vipunje vyeupe vigumu utakavyovikuta ndani yake ni chokaa. Siki itavitoa povu mara moja.

Ongeza jambo moja dogo lenye faida kubwa: wadudu wa majini. Tumieni kichujio cha jikoni, dakika 5 kwenye mawe chini ya kizingiti na dakika 5 kwenye tope juu yake. Palipo na maji ya kasi hewa huchanganyika na maji, na hutakosa viumbe wanaoshikilia mawe. Kwenye tope mtapata konokono, mabuu ya kereng'ende, na oksijeni ikiwa haba, mabuu mekundu ya usubi. Mto uleule, hatua 20 tu, na jamii mbili tofauti, kwa sababu ya kizingiti kimoja. Rudisheni viumbe majini mlipowatoa.

Na tafadhali, msikanyage katikati ya kinamasi kundi zima. Mstari mmoja wa kuingilia, watu wawili, wengine waandike kutoka ukingoni. Tope lililochukua miaka mingi kutulia huvurugwa na viatu 80 kwa asubuhi moja. Mkienda Ondiri kule Kikuyu, chanzo cha mto Nairobi, msiingie kabisa: sehemu kubwa ya juu ni zulia la mimea linaloelea juu ya maji.

---

Mwalimu_Rongai:

Nawashukuru sana, hili la kizingiti limenifungua macho. Mawili yamebaki. Mwenzangu anapendekeza tutumie mto Nairobi katikati ya jiji ili tuokoe nauli, mnaonaje? Na wingi wa maji tunaupima wapi, kwenye kinamasi au kwenye mwamba?

---

MtoSalama alijibu:

Mwalimu, mto Nairobi katikati ya jiji hapana kwa kazi ya kuingia majini. Unapokea majitaka, na kuchungulia kutoka daraja au Michuki Park kunatosha. Ukitaka mahali penye mwamba, maporomoko na mafunjo kwa pamoja, Oloolua kule Karen ina njia ya kutembea kando ya Mbagathi huohuo. Inasimamiwa na taasisi ya utafiti wa nyani, ombeni ruhusa mapema. Karura nayo ina maporomoko na mapango, ruhusa ni ya Huduma ya Misitu. Hippo Pools ndani ya Mbuga ya Nairobi ni pazuri kwa kuona mto wa mwamba ukigeuka madimbwi, ila huko kuna viboko na mamba: hutembei bila askari wa KWS (Huduma ya Wanyamapori), na hakuna kupima chochote majini. Katika sehemu zote hizi nyundo hairuhusiwi bila kibali.

Wingi wa maji usipime kwenye kinamasi, maana mwendo ni mdogo na upepo husukuma chelezo (kitu kinachoelea cha kupimia mwendo) kuliko maji. Usipime juu ya mwamba pia, kwa sababu maji yamegawanyika kwenye nyufa. Shuka chini ya shimo hadi kipande kilichonyooka cha mita 10 chenye kina kinacholingana. Chelezo iwe chungwa: huzama karibu lote, upepo haulipati. Kizibo cha chupa na jani havifai. Rusha mara 5: mara mbili katikati, mara mbili karibu na kingo, moja popote. Chukua wastani, uzidishe kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu huenda kasi kuliko ya chini.

Mfano: upana m 4, wastani wa kina m 0.3, eneo ni m² 1.2. Chungwa limechukua sekunde 25 kwa mita 10, yaani m 0.4 kwa sekunde, mara 0.85 ni 0.34. Wingi wa maji ni 1.2 × 0.34, sawa na m³ 0.41 kwa sekunde, au lita 410 hivi. Kina kipimwe kila nusu mita kuvuka mto, si mara moja katikati. Kupima katikati tu huweza kuongeza jibu kwa nusu nzima.

Usalama, na haya nayasisitiza. Konokono wa maji yaliyotulia hubeba kichocho, na vijidudu vyake hutoka zaidi kuanzia asubuhi iliyopevuka hadi mchana, jua likiwa kali. Kazi ya kinamasi ifanywe saa moja hadi saa tatu asubuhi, kwa gambuti na glavu ndefu, na mwenye kidonda asiingie. Aliyelowa ajifute kwa taulo papo hapo, asingoje kukauka.

Mvua ya Ngong hushusha mafuriko Rongai hata kama mbingu ni safi hapo mlipo. Chomeka kijiti ukingoni mwa maji, mwanafunzi mmoja akiangalie kila dakika 5. Maji yakipanda sm 5, au yakigeuka ghafla rangi na kuleta takataka, wote watoke upande mmoja, ule wenye njia ya kurudi. Kwa hiyo tangu mwanzo asiwepo mtu ng'ambo. Januari, Februari, au Julai hadi Septemba ndiyo miezi ya kuchagua.

Mwamba uliolowa wenye utando wa kijani huteleza hata kwa gambuti. Wapimaji wa kizingiti waende kwenye sehemu kavu tu, na fito ya levo ifike majini kwa kunyooshwa mkono.

---

LevoYaFundi aliongeza:

Kwa wanafunzi 40: makundi matano ya wanane. Moja levo, moja nyufa na mawe, moja kamba ya mimea, moja tope na wadudu, moja wingi wa maji. Lakini makundi yote yatumie sifuri moja: pigilia kigingi juu ya kizingiti, na kila kipimo kiandikwe ni mita ngapi juu au chini ya kigingi hicho. Bila hivyo mtakuwa na karatasi tano zisizoungana. Kikiwepo, jioni mnaweza kuweka kina cha tope, mimea na mteremko kwenye mchoro mmoja. Kigingi king'olewe mkiondoka.